Usiniambie Mtihani Ulikuwa Mgumu, Niambie Alama Ilipatikanaje

Kama umewahi kuangalia Suits, unamjua Mike Ross: msee ana kumbukumbu ya ajabu, na kabla aingie kwa ile ofisi ya mawakili alikuwa anachuma pesa akiwafanyia watu LSAT. Na kama wewe ni mtu wa Legally Blonde, unakumbuka Elle Woods akipata 179 na kuingia Harvard. Hizo mbili zimetufunza kitu kimoja kuhusu mtihani wa kuingia shule za sheria Marekani: ni mgumu, na ni wa watu wenye akili nyingi kupita kiasi.

Mimi nasema hilo swali la "ni mgumu aje?" linatusaidia kidogo sana. Swali la maana ni hili: hiyo namba uliyopewa, ilipatikanaje? Ukishaona vile Wamarekani wanajibu, rudi uangalie KCSE, kwa sababu hapa kwetu KCSE ndiyo mlango wa kusomea sheria. Na huo mlango haujielezi.

Tuanze na huko. LSAT ina sehemu nne, kila moja dakika 35. Tangu Agosti 2024, mbili ni za kupima hoja: unapewa maneno ya mtu fulani, unaambiwa utafute kasoro, au kitu amechukulia kuwa kweli bila kusema. Moja ni ya kusoma ufahamu. Ya nne inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo, na haihesabiwi! Inatumika kujaribu maswali ya mitihani ijayo, lakini wewe ukiwa ndani hujui ni gani, kwa hivyo unatoa jasho kote.

Kila jibu sahihi ni alama moja. Ukikosa, hukatwi kitu, kwa hivyo kuacha swali wazi ni kujinyima tu. Halafu hizo alama zinageuzwa kuwa namba kati ya 120 na 180. Mtu wa katikati huwa kwa 150 na kitu. Ukifika 170 uko kwa kundi dogo sana pale juu.

Sasa hapa ndipo watu hupotea. Kugeuza alama si kuzidisha na kugawanya tu. Maswali yalijaribiwa mapema, kwa ile sehemu isiyohesabiwa, kwa hivyo waandalizi wanajua kila swali lilisumbua watu kiasi gani. Tuseme karatasi ya Juni ilitokea ngumu kuliko ya Septemba. Basi wa Juni anaweza kukosa maswali kadhaa zaidi na bado apate 165 sawa na wa Septemba. Alama zinasawazishwa ndiyo 165 ya mwaka huu imaanishe kitu kile kile 165 ya mwaka jana ilimaanisha. Yule anayelia eti "sisi tulipewa ngumu" anajibiwa kabla hata aanze kulia.

Kuna kitu kingine nilikipenda zaidi. Ripoti ya matokeo haikupi namba peke yake. Inakupa pia asilimia ya watahiniwa uliowapita, na inakupa nafasi ya makosa, karibu alama tatu juu na tatu chini. Yaani wenye mtihani wenyewe wanakwambia: umepata 158, lakini uwezo wako unaweza kuwa 155 au 161, usijenge nyumba juu ya hii namba moja. Manze, hebu fikiria mtihani unaokubali kwa maandishi kwamba unaweza kukosea kukupima.

Haya, turudi nyumbani. Ili usomee shahada ya sheria Kenya moja kwa moja kutoka sekondari, unahitaji gredi ya wastani ya C+ na angalau B kwa Kiingereza au Kiswahili. Ukipata B- kwa zote mbili, hata kama masomo mengine umeyapiga vizuri, huo mlango umefungwa. Kuna kuzunguka kwa diploma, lakini hata huko kumezaa kesi kibao: watu wanamaliza shahada, wanafika Kenya School of Law, wanaambiwa gredi ya KCSE ya miaka mingi nyuma haitoshi. Mtu mzima, digrii mkononi, anasimama mbele ya jaji akibishania karatasi aliyofanya akiwa kijana wa miaka kumi na nane.

Na hiyo karatasi inasema nini? Herufi. KCPE ilipokuwepo tulipewa angalau alama. Slipu ya KCSE inakupa A, B-, D+, basi. Huoni ulipata alama ngapi. Huoni B ilianzia wapi mwaka wenu. Aliyekosa B kwa alama moja na aliyekosa kwa alama tano wanabeba B- ile ile, na hakuna anayejua yeye ni yupi.

Kama unadhani natafuta makosa ya bure, kumbuka 2016. Mwaka wa 2015, zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata A. Mwaka wa 2016 wakawa 141. Mia moja arubaini na mmoja, nchi nzima! Waliopata C+ kwenda juu walikuwa zaidi ya 165,000, wakashuka hadi chini ya 90,000. Kwa mwaka mmoja.

Najua utaniambia nini: 2015 watu waliiba mtihani, na 2016 Matiang'i akaziba mianya. Ni kweli wizi ulikuwa mwingi. Zaidi ya watahiniwa 5,000 wa 2015 walifutiwa matokeo, na mwaka uliofuata serikali ikakaza kamba kila mahali, hadi makontena ya karatasi. Sina shida na hiyo kazi, mwizi ashikwe.

Lakini mwanafunzi aliyesoma kwa haki mwaka wa 2016 akapata B- kwa Kiingereza, anajuaje kilichomshusha? Ni mtihani ulikuwa mgumu? Ni mpaka wa B ulisogezwa? Ama ni yeye tu hakufika? Herufi peke yake haiwezi kumjibu. Kama alama zingesawazishwa hadharani vile LSAT hufanya, angalau ugumu wa karatasi ungeondolewa kwa hiyo hesabu na tukabaki kubishania vitu vingine. Badala yake, wa 2015 na wa 2016 wanapimwa kwa sharti moja, C+ ni C+, kana kwamba kilo ya duka moja na kilo ya duka lingine zimepimwa kwa mizani moja.

Sasa usifikiri natafuta LSAT iletwe hapa kesho. Ina dhambi zake. Kuifanya ni zaidi ya dola 200, yaani zaidi ya shilingi 25,000 za kwetu, na hapo hujanunua hata kitabu kimoja cha mazoezi. Inakuruhusu kurudia hadi mara tano ndani ya miaka mitano, na saba kwa jumla, lakini kila kurudia ni pesa, kwa hivyo nafasi ya pili inamfaa zaidi mwenye mfuko.

Tena kwa miaka mingi ilikuwa na sehemu maarufu ya mafumbo ya mantiki: watu saba wanakaa kwa viti saba, fulani hawezi kukaa kando ya fulani, nani yuko kiti cha tatu? Njia ya haraka ya kuyatatua ni kuchora. Sasa kama wewe ni kipofu, unachora aje? Watu vipofu walienda mahakamani, kesi ikamalizwa kwa makubaliano mwaka wa 2019, na Agosti 2024 mafumbo yakaondolewa. Kwa hivyo hesabu yako inaweza kuwa safi kabisa na bado uwe unapima kitu kisichofaa. Lakini angalia hili: waliweza kushtaki na kusikizwa kwa sababu kila mtu alijua sehemu hiyo inabeba uzito gani kwa alama ya mwisho. Ni vigumu kupinga hesabu ambayo hujawahi kuonyeshwa.

Ninachotaka ni kidogo, na hakihitaji mtihani mpya. Slipu iandikwe alama pamoja na herufi. Mpaka wa kila gredi utangazwe kila mwaka, somo kwa somo, pamoja na maelezo ya vile ulivyowekwa. Na vyuo vya sheria viwe na nafasi ya kumsikiliza mtu aliyekosa kwa alama moja mbili, hata kama ni kwa mtihani mfupi wa hoja, badala ya kumfungia kwa herufi moja milele. Wakili hulipwa kutafuta kasoro kwa hoja ya mwingine. Ni ajabu tukimchagua kwa namba asiyoruhusiwa kuiona.

Kwa wale mnafanya KCSE mwaka huu na mnataka sheria: chungeni Kiingereza na Kiswahili kama mboni ya jicho, kwa sababu sharti liko vile liko na halitabadilika kabla ya Novemba. Na matokeo yakitoka, mtu asikukejeli eti karatasi yenu ilikuwa rahisi, wala asikupake mafuta eti ilikuwa ngumu sana. Muulize tu B ilianzia alama ngapi. Akikosa jibu, muulize pia mbunge wako.