Boss Ako na AC kwa Prado, Dereva wa Trekta Anakula Vumbi

Kuna sentensi nimeisikia hadi nimechoka: "Kabini ni ya wazungu. Trekta ni nguvu." Inasemwanga na mtu ambaye amefika shambani na Prado, madirisha yote juu, AC inavuma. Anashuka, anasimama dakika kumi akiwa amefunika pua na leso, anaonyesha kidole huku na kule, alafu anarudi ndani ya gari. Huyo ndiye anaamua dereva ataketi wapi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi giza.

Na msidhani naongea na yeye. Naongea na nyinyi. Wengi mnaosoma hii mko Nairobi, Naks, Eldy, mnasukuma maisha, lakini ushago kuna shamba la familia. Ekari 50, ekari 80 hivi, pengine Moiben, pengine Kitale, pengine Narok. Kuna grupu ya WhatsApp yenye jina la ukoo, na humo ndani kuna anko mmoja ambaye tangu Krismasi anaposti picha za matrekta. Mwaka huu familia imeamua kununua. Mmeombwa mchango, na kwa sababu mnajua intaneti, mmeombwa pia mlinganishe bei. Kwa mara ya kwanza mko na sauti kwa hii maneno ya shamba. Itumieni vizuri.

Msimamo wangu ni huu: kama kuna pesa ya kuongeza ili mpate trekta kubwa, hiyo pesa ianzie kwa kabini, sio kwa HP. Na najua itakuwa vita kwa hiyo grupu, kwa sababu HP ndiyo mtu anajivunia akiwa kwa baa. Hakuna mtu husema "trekta yetu inaziba vumbi poa sana."

Hebu tufanye hesabu ya form two. Trekta ya HP 75, kama John Deere 5075E, inavuta plau ya diski tatu bila kulia sana. Plau hiyo inakata upana wa kama mita 0.9. Ukienda kilomita 6 kwa saa, ni mita za mraba 5,400 kila saa. Toa robo ya kugeuza, kusimama na kurekebisha, unabaki na 4,050. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kwa hivyo ni ekari moja kwa saa, na shamba la ekari 60 linaisha kwa saa 60. Sasa anko anataka ile kubwa ya HP 100, avute diski nne. Upana unafika mita 1.2, kazi ile ile inaisha kwa saa 45. Mmeokoa saa 15. Hizo ni kama siku mbili kwa msimu. Siku mbili! Na ndiyo sababu familia inataka kuuza ng'ombe sita?

Sisemi trekta kubwa ni upuzi. Kama udongo wenu ni ule mweusi unaonata, ambao ukinyesha kidogo tu matairi yanazunguka papo hapo, mtahitaji uzito na magurudumu manne yanayovuta yote. Kama mnapanga kufunga nyasi, kukata malisho ya kuhifadhi, kulimia majirani kwa malipo hadi ekari mia kadhaa, HP 100 itajilipa. Mvua ya Machi haingoji mtu, na mteja asipolimiwa wiki hiyo anaita trekta ingine. Sawa. Lakini hapo pia angalieni: kadiri mnavyochukua kazi ya nje, ndivyo mtu mmoja anazidi kukaa kwa hicho kiti. Mmeongeza masaa yake mara nne na bado mmemwekea mwavuli.

Tuongee kuhusu huyo mtu basi, kwa sababu kwa grupu hajawahi kutajwa. Ametajwa tu kama "dereva tutapata."

North Rift, kulima kwa kwanza kunafanywa wakati wa jua, kati ya Desemba na Februari. Udongo umekauka. Diski inapogeuza, vumbi jekundu linapanda, na upepo ukitoka nyuma linasafiri na trekta, yaani dereva anaishi ndani yake. Jioni akitema mate ni rangi ya matofali. Baadaye kuna kunyunyizia dawa ya magugu na ya wadudu, na kile kimvuke kikipeperuka hakiulizi nani ni nani. Alafu kuna kelele. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inasema sikio livumilie desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa 88 ni saa nne. Kwa 91 ni saa mbili. Kwa 94 ni saa moja tu. Trekta ya wazi ikivuta plau inapita 90 kirahisi. Kabini nzuri ya kisasa inakaa chini ya 80. Hii sio mambo ya starehe. Ni masikio ya mtu.

Kuna mzee alikuwa anatulimia nikiwa primo. Alikuwa kwa hiyo kazi tangu ujana wake, matrekta ya wazi maisha yote. Kumwita ilikuwa lazima umzunguke uje mbele yake na urushe mkono. Akiwa nyumbani kwake, redio ilikuwa inasikika hadi barabarani, na mkewe alikuwa amezoea kuongea naye kwa vidole. Hakuna aliyewahi kumlipa kitu kwa hayo masikio. Hata hakuna aliyefikiria ni jeraha. Ilikuwa tu "ni vile yuko."

Sasa nije kwa ile inaua papo hapo.

Ukienda yadi, utaona trekta ya wazi imewekewa paa. Nyingine imechomelewa na fundi wa hapo senta: paipu nne nyembamba na bati juu, imepakwa rangi ifanane. Watu wanaita hiyo kabini. Hiyo ni kivuli. Trekta ikipinduka inakunjwa kama karatasi, na chini yake kuna mtu. Kabini halisi, au hata yale mabomba mawili mazito ya nyuma ya kiti, imejengwa na kupimwa ibebe uzito wa trekta yote ikiwa miguu juu. Utaikuta na kibati kidogo kilichoandikwa mambo ya majaribio, mara nyingi kikitaja OECD. Muuzaji akikosa kukuonyesha hicho kibati, jua unauziwa mwavuli. Na msiruhusu fundi atoboe au achomelee kitu kwa hiyo fremu ati aweke spika, mnaiua nguvu.

Sweden walilazimisha kila trekta mpya iwe na hiyo kinga mwaka wa 1959. Sio jana. Shosho wengi wa hapa walikuwa wasichana. Vifo vya kupinduka vilishuka vibaya sana huko miaka iliyofuata, bila muujiza wowote, ni chuma tu na mkanda. Sisi mwaka huu bado tunajadili kama chuma ni ya wazungu.

Na msiniambie shamba letu ni tambarare. Trekta haihitaji mlima. Mtu anataka kung'oa kisiki, anafunga mnyororo juu, karibu na kiti, badala ya kule chini nyuma panapofaa kuvutia. Kisiki kinakataa, magurudumu ya nyuma yanashika, pua inanyanyuka, na ndani ya chini ya sekunde mbili trekta iko mgongoni. Hakuna kuruka. Mtaro uliofichwa na nyasi unatosha pia. Ukiwa ndani ya kabini na umefunga mkanda, kuna uwezekano mkubwa utatoka ukiwa na hasira na michubuko. Bila kabini, matanga.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu anawekanga kwa bei: kabini inamaliza ile tabia ya kubeba watu kwa madgadi. Mnaijua. Taniboi upande huu, mtoto wa jirani upande ule, gurudumu la futi tano linazunguka katikati ya makalio yao. Ukifunga mlango, mahali pa kukalia panaisha.

"Lakini ni ghali." Ndiyo, ni ghali. Tuseme kabini inaongeza laki nane kwa bei, na trekta mtaitumia miaka kumi. Ni 80,000 kwa mwaka. Mkilimia watu kwa 3,500 kwa ekari na nusu iende kwa dizeli, dereva na spea, mnabaki na 1,750. Gawanya. Ni ekari kama 46 kwa mwaka, yaani siku tano au sita za kazi. Badilisheni hizo namba na za kwenu, sijali, lakini mtu aandike hesabu kwa grupu badala ya kutuma emoji ya kucheka. Na kama bajeti imekataa kabisa, chukueni ile ndogo yenye kabini badala ya ile kubwa ya wazi. Ikikataa hata hiyo, basi trekta ya wazi yenye yale mabomba mawili ya kupimwa, mkanda, vifuniko vya masikio na barakoa ya maana, sio ile ya Covid. Mkanda ufungwe tu kama mabomba yamesimama. Yakiwa yamelazwa, mkanda unamfunga mtu kwa chuma kinachomwangukia.

Kuna wale watanunua ya mitumba kutoka Ulaya kwa sababu ina kabini na bei ni tamu. Chungeni. Wanaoponzwa ni hapo. AC imekufa, na kabini ya vioo bila AC mchana wa Narok ni ovena. Siku ya tatu dereva anang'oa milango, na sasa mmelipia kabini mkapata vumbi. Mkienda kuangalia, washeni AC dakika ishirini na injini ikiwa na mzigo. Angalieni raba za milango. Fungueni ile chujio ya hewa ya kabini, mara nyingi hakuna kitu ndani, ni tundu tu. Na mjue chujio ya kawaida inazuia vumbi, haizuii mvuke wa dawa, hiyo inataka chujio ya kaboni. Ulizeni kama injini inatumia AdBlue na nani atawauzia huko kwenu. Ulizeni kioo cha mbele kikivunjika kinatoka wapi. Kama jibu ni "tutaagiza", pigeni hesabu ya wiki sita bila kioo.

Pia kama kwenu ni parachichi na makadamia, kabini ndefu itapigana na matawi kila siku na labda mlango wa banda pia. Pimeni urefu kabla ya kulipa, kuna za paa la chini. Haya yote ni mambo ya kupima. Sio sababu ya kumwacha mtu juani.

Na tuache hii tabia ya kudhani shamba ni nyumbani kwa mzee kwa hivyo sheria haifiki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anafanya kazi, awe wa kudumu au wa kibarua. Mwenye mahali pa kazi ndiye ana jukumu. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ni ya mwaka huo huo. Familia ikinunua trekta pamoja na kumwandika mtu, jina la familia ndilo litaitwa. Hiyo itumeni kwa grupu usiku, wakati anko ako macho.

Najua tayari kwa komenti kuna msee anaandika, "Mkimpea AC dereva atalala ndani." Bro. Dereva wengi wanalipwa kwa ekari. Akilala, anakula hasara yake mwenyewe kabla yako. Na kama kweli amelala kwa kiti kwa sababu amelima tangu alfajiri na mvua inakuja kesho, mpe nusu saa alale. Kule juu kwa Prado kuna mtu amelala tangu saa nne na hakuna aliyemuuliza.