Mbio, simu na sadaka ya afya

Sina budi kuiunga mkono rai ya kwamba michezo na simu vikishirikiana vyaweza kuokoa roho za watu, maana ushahidi wake tumeuona nchini Kenya, ambako Bi Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa Rais, alianzisha kampeni ya Beyond Zero mwezi Januari 2014 kwa madhumuni ya kupunguza vifo vya wazazi na watoto wachanga, kisha mwezi Aprili akakimbia marathoni ya London, kilomita 42 na zaidi, hali yeye si mwanariadha, na kwa jitihada hizo zikapatikana zahanati za magari zilizokusudiwa kwa kaunti zote 47.

Lakini jitihada kama hizo hazitoshi kwa michango ya matajiri pekee; hapo ndipo simu inapoingia. M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, tangu ilipoanza mwaka 2007, imempa hata muuza mboga wa soko la Gikomba, Nairobi, fursa ya kuchangia shilingi 50 bila ya kupanga foleni benki, na hiyo kwa fikra zangu ndiyo neema iliyo kubwa zaidi. Stakabadhi humfikia palepale kwa ujumbe mfupi. Ila habari ya matumizi ya mchango wake, mara nyingi, haimfikii. Kwa nini simu ile ile isimwarifu, baada ya miezi sita, ya kwamba gari lina mafuta, lina mkunga, lina dawa ya kuzuia mzazi kutokwa na damu? Gari lisilo na mkunga halizalishi mtu, na mshahara wa mkunga haukusanywi kwa mbio za siku moja. Waandalizi wa mbio za hisani nawaomba sana walitie jambo hilo katika hesabu kabla ya kuchapisha fulana.