TUMURUDISHIE PAPA SENTINELE NJIA YAKE

Maneno haya tunayaandika sisi wakubwa wa wanafunzi, mafinaliste, na tunaanza na kosa, juu kosa ni letu wenyewe.

Mwezi uliopita tulimufukuza mutu katika kiwanja cha mupira. Hakuwa mwizi. Alikuwa papa sentinele, yule anayekesha usiku kusudi sisi tulale. Alikuwa anakimbia mita 400, anatembea kidogo, anakimbia tena. Batoto wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapiga makelele: "Kobe! Kobe!" Timu ilitaka kuanza mazoezi, na sisi, pahali pa kunyamazisha wenye makelele, tukamuambia yeye atoke. Akasema tu, "Sawa, batoto," akaenda.

Mangaribi ile tulimufuata kwenye mulango kuomba musamaha. Tukamuuliza: Papa, wewe unakimbia polepole, mbio ya kasi unaitafutia nini? Akatujibu: "Miye sikimbiake na bantu. Minakimbiaka na saa."

Kumbe ana shauri kubwa. Ana miaka 41, na katika mwezi wa saba, wakati wa baridi, anataka kukimbia maratoni, ni kusema kilometa 42 na mita 195. Ataenda njia ya Kambove na kurudi, mudogo wake anamufuata na kinga na maji. Leo anakimbia kilometa 10 kwa dakika 70. Tulipiga hesabu kwenye ubao: kama anashika mwendo ule mpaka mwisho, ni karibu saa tano nzima. Kelvin Kiptum wa Kenya (alikufa katika ajali ya motokari mwaka 2024, kijana wa miaka 24 tu) alikimbia maratoni ya Chicago mwaka 2023 kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Wakati Kiptum anafika, papa wetu angekuwa bado ndani ya kilometa ya 18! Hata John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeanguka na kuumia goti kule Mexico mwaka 1968 na kufika wa mwisho, alitumia saa 3 na dakika 25. Papa wetu hamufikii hata yeye.

Sasa wengine darasani wanasema: basi aache kasi, aende mwendo wake wa kobe, maratoni si mbio ya kasi. Sisi pia tulisema hivyo. Lakini si kweli. Muguu unaojua mwendo mumoja tu unachoka na ule ule mumoja. Mita 400 papa anazimaliza kwa desturi kwa dakika 2 na sekunde 48. Siku ya kasi anazikimbia kwa dakika 2 na sekunde 20, mara sita, na katikati anatembea mpaka pumzi inarudi. Moyo na miguu vikizoea ile ya 2.20, ile ya 2.48 inakuwa nyepesi. Hatafuti kushinda mutu. Anataka kutoka dakika 7 kwa kilometa mpaka dakika 6 na nusu, na kwa njia yote ile ni dakika 21 anazookoa. Mwenye kusema dakika 21 ni kidogo, akimbie kwanza kilometa 35 halafu aje tuongee.

Emil Zátopek wa Czechoslovakia alifanya vile vile, mita 400 kurudilia na kurudilia, na watu walimushangaa. Mwaka 1952 kule Helsinki alishinda mita 5.000, mita 10.000, tena maratoni, na maratoni ile ilikuwa ya kwanza kwake.

Lakini papa alikosea mwanzoni, na hii tunaiandika kwa faida ya wote. Juma la kwanza alikimbia kasi kila siku, anafukuzana na vijana wa mupira. Musuli wa nyuma ya muguu ukakatala. Majuma mawili alichunga mulango na fimbo. Sasa kasi ni siku moja kwa juma, siku nyingine anakimbia polepole, namna mutu anaweza kusema bila kukata pumzi. Hata kule Kaptagat, Kenya, anakofanya mazoezi Eliud Kipchoge, siku za polepole ni nyingi kuliko siku za kasi.

Tangu tulipomufukuza anakimbia nyuma ya majiko, pahali pa mawe. Barabara ya Lubumbashi hawezi, ni makamyo ya madini na vumbi. Kiwanjani alikuwa amepima na kamba, akaweka matofali kando ya miti, nje ya mustari wa mupira. Wanaosema kazi ya sentinele ni mulango, tunawajibu: kazi yake inaisha saa kumi na mbili asubui. Saa kumi ya mangaribi ni saa yake.

Wawili wa mwaka wa ine walienda kukimbia naye kule kwenye mawe. Mumoja aliacha kwa ile ya ine, anashika mbavu. Papa alimaliza sita zake. Yule kijana alikuwa kati ya waliopiga makelele ya kobe, jina lake tunaliacha.

Tunaomba hivi: siku ya pili ya juma, toka saa kumi mpaka saa kumi na moja, njia ya matofali iwe yake, na anayefuata mupira nje ya mustari aangalie kwanza. Juma lijalo tutasimama pale na saa ya mukono kumuhesabia. Kapiteni wa timu tumemuambia. Bado hajajibu.