Daftari la Wiki: Kuba la Waazima Vitabu

Jumanne

Mvua ya Chicago ilinisukuma ndani ya Chicago Cultural Center, jengo lisilotoza kiingilio. Nilipanda ngazi za marumaru nyeupe, zilizotiwa nakshi za vipande vya vioo na magamba ya chaza, hadi ghorofa ya tatu. Hapo nikainua uso, nikasahau kuushusha mpaka shingo ikauma.

Juu yangu palikuwa na kuba la vioo vya rangi, kazi ya karakana ya Tiffany, la mwaka 1897. Upana wake ni kama mita 11 na nusu, na vipande vyake vinafikia 30,000. Vimepangwa mithili ya magamba ya samaki ndani ya fremu ya chuma, na kileleni zimo alama za buruji.

Jumatano

Nimerudi kwa ajili ya jua. Jana kuba lilikuwa kijani kilichofifia. Leo limewaka rangi ya asali, na kila wingu likipita rangi zinanywea, kisha zinachanua upya. Kwa miongo mingi hapakuwa na raha hii: kuba lilifunikwa kwa juu, likawa linamulikwa kwa taa za umeme. Ukarabati wa mwaka 2008 ndio uliolirudishia jua lake. Mafundi wale nawaombea kila la heri.

Upande wa kaskazini liko kuba jingine, la Healy na Millet, lenye vipande kama 50,000. Zuri sana, lakini moyo wangu umebaki kusini.

Alhamisi

Nimejua kwa nini moyo umebaki huko. Jengo hili lilijengwa liwe maktaba ya umma. Moto mkubwa wa 1871 ulipoteketeza sehemu kubwa ya mji, Waingereza walichanga maelfu ya vitabu, na Januari 1873 chumba cha kwanza cha kusomea kikafunguliwa ndani ya tangi la chuma, lililokuwa la maji. Kutoka tangi hadi kuba, miaka 24! Na ukumbi ule wa Tiffany haukuwa wa wakubwa kulia karamu. Ndipo watu walipopokelea vitabu walivyoazima: karani, mshonaji, mhamiaji aliyekuwa bado anajifunza lugha. Mji uliwapa hao dari bora kuliko zote ulizoweza kulipia.

Kabla ya kuondoka nilitoa kitabu mkobani, nikasoma kurasa mbili nikiwa nimesimama chini ya kuba. Karatasi ilikuwa ya manjano, halafu wingu likapita, ikawa kijani.