Pima Mzigo Kabla ya Kusema



Hata leo, huko Marekani na Uingereza na kwingineko, wako watu wajitengenezeao mitambo ya redio ya valvu, yaani zile taa za kioo, wakasemezana hewani kwa leseni. Hawalipwi, ni mapenzi ya ufundi tu. Juma hili tuitazame hesabu yao moja, maana watoto wetu huuliza: kipeuo cha pili chatufaa nini?

Katika mtambo huo valvu ya mwisho hupeleka mawimbi kwenye eriali. Sauti hutiwa na valvu nyingine, na katikati hukaa transfoma. Valvu za sauti ni kama punda: kila mmoja ana mzigo wake. Na mzigo wenyewe ni ile valvu ya mwisho.

Kuupima, gawa volti zake kwa ampea zake. Volti 500 kwa ampea 0.2 ni omu 2,500. Tuseme valvu za sauti zataka omu 10,000. Gawa kwa 2,500, wapata 4. Hapa wengi hukosea, wakazungusha waya nne kwa mmoja. Sivyo! Twaa kipeuo cha pili, yaani 2. Upande wa valvu za sauti uwe na mizunguko miwili kwa kila mmoja wa upande wa pili.

Tena, volti 500 mara ampea 0.2 ni wati 100. Sauti ikijaa kabisa yahitaji nusu yake, wati 50.

Sasa shika neno hili: mzigo haukai mahali pamoja. Ukiongeza valvu ya pili mwishoni, ampea zikawa 0.4, mzigo ni omu 1,250. Omu zikipungua, uzito umezidi. Transfoma ni ile ile, lakini valvu za sauti zaona omu 5,000 tu, nazo zadaiwa wati 100. Zitapata moto, sauti itakwaruza, na makelele yatamwagikia njia za majirani.

Basi kila ubadilishapo kitu, pima upya. Lakini zima kwanza: volti 500 huua, na kapasita hushika umeme hata baada ya kuzimwa. Mtoto asifungue mtambo huo bila fundi.

Haya, kwaherini hadi juma lijalo.