Kabla hujaivunja sili, itazame

Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho huenda ulikitupa jaani wiki hii bila kukiangalia mara mbili. Ni ile sili ya plastiki inayofunika mdomo wa mtungi wa gesi.

Jirani yangu mmoja hapa Mukuru kwa Njenga ni kibarua wa kupakua mizigo. Kila alfajiri hushika njia kwa miguu, pamoja na mamia ya wenzake, kwenda kwenye maghala ya Eneo la Viwanda. Mwezi jana mkewe aliagiza mtungi wa kilo 6, ukaletwa na kijana wa bodaboda. Mtungi ambao kwa kawaida huwapikia mwezi mzima ulizimika siku ya 11, sufuria ya maharagwe ikiwa mekoni.

Mume aliporudi jioni alipewa habari. Akauliza, "Mama watoto, sili ilikuwaje?"

"Ilikuwepo," mkewe akajibu.

"Najua ilikuwepo. Nauliza ilikuwaje."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza lake: "Na ule mtungi wa mwezi mwingine, baba watoto, ulioupokea wewe mwenyewe mlangoni, sili yake ilikuwaje?"

Ikawa zamu ya mume kunyamaza. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo nimeona nisilifiche, kwa maana yeye kazini hafanyi hivyo hata siku moja.

Kontena ikifika ghalani, hakuna anayethubutu kushika mkasi wa kukatia chuma kabla karani hajafika na karatasi zake. Sili ya kontena ni boliti nene ya chuma yenye namba ambayo haifanani na nyingine. Karani huitazama kama ina mikwaruzo. Huilinganisha namba na ile iliyoandikwa kwenye hati za mzigo. Kisha huivuta kwa nguvu na kuizungusha, kwa sababu wako wezi wanaoikata boliti na kuigandisha tena kwa gundi. Hata bawaba na riveti za mlango hukaguliwa, maana wengine huiacha sili ilivyo na kung'oa mkono wa mlango. Yote hayo yakishaandikwa, ndipo boliti hukatwa.

Msomaji, usidhani mambo hayo hufanywa kwa ajili ya tajiri mwenye mali peke yake. Ikiwa namba zinalingana na sili ni nzima, halafu katoni zikapungua, swali hurudi kule mzigo ulikofungwa. Lakini ikiwa sili ilikatwa kwa haraka bila kukaguliwa, kila aliyeugusa mzigo ni mshukiwa: dereva, taniboi, na kibarua anayelipwa kwa siku. Namba hiyo ndiyo wakili wake asiyemlipa. Ndiyo maana pia mawakala wa vyama huandika namba za sili za masanduku ya kura.

Tangu mwaka 2017, Kenya, Uganda na Rwanda zimekuwa na mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena zinazopita kutoka bandari ya Mombasa kwa sili za elektroniki. Sili ikichezewa au lori likiacha njia yake, habari hufika kituoni papo hapo. Lakini hata sili hiyo ya kisasa haimkamati mtu. Hupiga kelele tu, na lazima askari watoke waende barabarani. Sili haimzuii mwizi. Kazi yake ni kumfichua, na haiwezi kumfichua kwa mtu asiyetazama.

Sasa turudi jikoni. Wanaojaza mitungi kwa magendo huhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine vichochoroni, bila vipimo wala ukaguzi. Wakipunguza, wamekuibia. Wakizidisha, ni hatari zaidi, kwani gesi hiyo huhitaji nafasi ya kutanuka ndani ya mtungi. Sisi wa upande huu hatuhitaji kusimuliwa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, lori la gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, mahali palipotumiwa kujaza mitungi katikati ya makazi ya watu. Mamia walijeruhiwa na wengine wakafa. Halmashauri ya kudhibiti kawi, EPRA, ilisema kwamba maombi ya kujenga kituo mahali hapo yalikuwa yamekataliwa mwaka 2023.

Basi mtungi ukifika mlangoni, usikubali kijana aivunje sili kwa niaba yako. Itazame wewe. Je, ina alama ya kampuni ile ile iliyoandikwa kwenye mtungi? Imebana shingo ya vali, au inazunguka ovyo? Imechanika na kugandishwa? Ikiwa una shaka, mtungi urudi na sili yake. Ukishaivunja huna ushahidi tena.

Kwa kuwa sili nazo hughushiwa, usiishie hapo. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, aghalabu kando ya herufi TW. Ukisoma 7.2, basi mtungi wa kilo 6 ulio na gesi kamili hauna budi kufika 13.2 kwenye mizani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukimwambia apime. Na ukishaufunga jikoni, paka povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu yakifura, funga vali, usiwashe kiberiti, fungua milango na madirisha.

Najua utasema, "Mwandishi, mimi nina watoto wenye njaa na kijana wa boda ana haraka." Ni kweli. Lakini haraka hiyo ndiyo mtaji wa mwizi. Dakika mbili za kutazama si nyingi ukizilinganisha na siku 19 za kununua makaa.

Katika ploti ya jirani yangu, akina mama wamechanga wakanunua mizani ya kuning'iniza, wakaifunga langoni. Juzi kijana mmoja alifika na mtungi, akaiona, akasema amekosea nyumba. Hawajui kama alikosea kweli.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi leo nimekuambia, nawe usikasirike. Tukutane tena Jumapili ijayo, Mungu akipenda.