Uchungu hauna saa: tupange mapema



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, binti mmoja mwenye mimba ya miezi minane alinivuta pembeni. Ni mimba yake ya kwanza. Aliniuliza: "Mama, nitajuaje kama saa imefika?" Nilimjibu, lakini njiani nikaona kwamba nilimpa nusu ya jibu. Nusu nyingine ni hii ninayowaandikia leo.

Mtoto wangu wa kwanza, uchungu ulinishika usiku, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikinyesha. Bwana alikuwa safarini, simu yake imezimika. Mamamkwe akasema tungoje, kwa sababu mwenye nyumba hayuko na hatukujua aliweka pesa wapi. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kuamua peke yake. Asubuhi, majirani wanne wakanishusha kilima kwa tipoyi. Mtoto alizaliwa amechoka, hakulia. Mkunga alimpangusa, akamsugua mgongo, akamtia hewa kwa kifaa cha mkono mpaka akalia. Leo yuko sekondari, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule tungeweza kumpoteza, na sababu ni kwamba kati yetu hakuna aliyesema neno mapema.

Kwa hiyo, mimba ikifika mwezi wa nane, kaeni chini pamoja: wewe, bwana na mamamkwe. Jibuni maulizo haya:

1. Tutazalia kituo gani? Na kama wakitutuma hospitali kubwa, ni ipi?
2. Bwana asipokuwepo, nani ataamua? Jina moja, na wote walisikie.
3. Usiku tutakwenda na nini? Chukueni namba za wenye pikipiki wawili, na vijana wa kubeba tipoyi kama njia ni mbaya. Anayekaa mbali sana ahamie kwa ndugu karibu na kituo kabla ya siku kufika.
4. Pesa ziko wapi? Watu wawili wapajue mahali.

Juu ya pesa: mwaka 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa wamama kuzaa bila kulipa, ukaendelea kwenye majimbo mengine. Usingoje siku ya uchungu ndipo uulize. Siku ya CPN, uliza kituoni kwako: nini ni bure, nini nitanunua?

Sasa ulizo la binti yule. Uchungu wa kweli unakuja, unaacha, unarudi. Kila mara unakaza zaidi na nafasi kati yake inapunguka. Ukitembea au ukilala hauishi. Ute wenye damu kidogo unaweza kutoka. Kwa mimba ya kwanza kazi inaweza kuchukua saa 12 au zaidi, basi usishtuke. Ukirudi kila dakika tano, uwe umekwisha kutoka nyumbani. Kama kituo kiko mbali, toka mbele ya hapo.

Lakini hizi, usingoje uchungu, kimbia mara moja, hata usiku: damu nyingi, maji kuvunjika, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa, kifafa, au mtoto kuacha kucheza kama kawaida.

Na dawa za majani za kuharakisha uchungu, tuziache. Zinaweza kukaza kizazi kupita nguvu yake mpaka kipasuke. Hapo mama na mtoto wote wako hatarini.

Mfuko uwe tayari karibu na mlango: fishi ya CPN, vikwembe vitatu au vine safi, sabuni, beseni, pamba, nguo za ndani, tochi, kofia na nguo za mtoto, na chakula cha mlinzi. Usinunue vitu vya urembo kwanza. Kofia ya mtoto inapita viatu vyake.

Mtoto akizaliwa, awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa yale ya manjano si machafu, msiyakamue na kuyatupa. Yanamkinga na magonjwa. Asiogeshwe siku ile. Kwenye kitovu msipake jivu wala mafuta. Bakini kituoni saa 24, maana damu nyingi ya mama inakuja mara nyingi katika saa hizo. Kisha mwandikisheni mtoto kwa wakuu wa serikali. Ndani ya siku 90 ni bure.

Wamama wakwe, hapa nasema nanyi. Bibi wa mtoto wenu anawaogopa. Hatasema "twende" kama ninyi hamjasema. Mwambieni leo: "Mwanangu, saa yoyote, niamshe."

Na sisi katika vikundi vyetu: mkutano ujao, tuulize nani yuko katika mwezi wa nane. Tuandike jina lake, tuchague mama mmoja jirani yake wa kumfuata, na tuache kitu kwenye kisanduku cha msaada kwa ajili ya pikipiki ya usiku. Binti yule wa juma lililopita, mimi ndiye nitamfuata. Simu yangu haitazimwa.

Tuonane juma lijalo.